Viashiria vya saratani ya kinywa vipimwe kwanza kwa moshi wa Lubumbashi

Chukua kile kifaa kidogo cha kupuliza ambacho kliniki za Ulaya huwapa watu wanaotaka kuacha sigara. Mtu anavuta pumzi, anaibana kwa sekunde chache, anapuliza polepole, na namba inatokea: kiasi cha monoksidi ya kaboni kilichomo katika pumzi yake. Namba ikipita 6, au 10 kutegemea mpaka uliowekwa na kliniki, anahesabiwa kuwa amevuta sigara leo. Sasa mpe kifaa hicho mama anayechoma michopo ya mbuzi Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, ambaye tangu saa kumi jioni ameinamia mbabula, yaani jiko la mkaa, mkono mmoja ukigeuza nyama na mwingine ukipepea makala, huo mkaa wenyewe. Maisha yake yote hajaweka sigara mdomoni. Kifaa kinaweza kabisa kumwandika mvutaji.

Namtaja mama huyo mapema kwa sababu habari za kipimo cha mate kinachogundua saratani ya kinywa kabla haijaonekana zinazunguka sana kwenye simu zetu, na swali linalozifuata ni moja: kitafika lini Lubumbashi? Ni swali la haki. Lakini yako mengine ya kutangulia. Kinapima nini hasa? Kilijaribiwa kwa watu gani? Na mtu akiambiwa hapa kwetu kwamba ana dalili mbaya, kesho yake asubuhi agonge mlango upi? Mimi naona kiashiria, yaani kitu kinachopimwa mwilini ili kionyeshe hatari au ugonjwa, kilichothibitishwa Los Angeles au Vancouver bado hakijathibitishwa Lubumbashi mpaka kipimwe kwenye vinywa vya Lubumbashi, vyenye makala yake, mihogo yake na vumbi la madini yake. Na hata kikithibitishwa, hakitamsaidia mtu ikiwa njia ya kutoka kwenye doa la mdomoni hadi kwenye jibu la maabara imekatika katikati.

Ugonjwa wenyewe si mdogo. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, mwaka 2022 watu wapatao 390,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na takriban 188,000 walikufa nayo. Ikishikwa ikiwa kidonda kidogo kando ya ulimi, upasuaji mmoja unaweza kuimaliza. Ikishashuka kwenye tezi za shingo, hesabu inageuka vibaya. Kwetu mgonjwa wa kawaida ni yule anayefika akiwa na uvimbe shingoni, taya halifunguki vizuri, baada ya miezi ya kusukutua maji ya chumvi, kung'olewa jino lisilo na kosa, kununua antibiotiki sokoni na kuombewa. Simlaumu hata kidogo. Kidonda cha saratani changa mara nyingi hakiumi, na kitu kisichouma hakimtoi mtu kwenye kazi yake.

Moshi unaletaje saratani hiyo? Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 zinajulikana kuleta saratani. Baadhi, kama benzopireni, hutokea kila kitu cha mmea au cha mnyama kinapoungua, iwe tumbaku, ukuni au mafuta ya nyama yanayodondokea kwenye moto. Nyingine, zile nitrosamini ziitwazo NNN na NNK, ni za tumbaku peke yake. Zikiingia mwilini hubadilishwa, kisha hujinata kwenye DNA ya seli za utando wa kinywa. Seli hujitahidi kujirekebisha. Ikishindwa, kosa linabaki na kurithishwa kwa seli zinazozaliwa baadaye. Kosa baya zaidi ni lile linaloharibu jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye hitilafu isiendelee kugawanyika. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichunguza uvimbe wa wagonjwa 129 wa saratani za kichwa na shingo. Miongoni mwa waliovuta sigara na kunywa pombe, asilimia 58 walikuwa na TP53 iliyoharibika. Waliovuta bila kunywa, asilimia 33. Wasiovuta wala kunywa, 17. Ukiwaona vijana wetu wanaokaa jioni na chupa ya lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, katikati na sigara inayopita mkono kwa mkono, kumbuka namba hizo tatu.

Jambo la pili lilijulikana tangu 1953, pale daktari Slaughter na wenzake walipochunguza vinywa vya wagonjwa 783 na kukuta kwamba nyama inayozunguka uvimbe, ambayo kwa macho ilikuwa nzima, tayari ilikuwa imeanza kubadilika. Moshi hauchagui sehemu moja. Unapita kinywa kizima, na kinywa kizima kinalipa. Wazo lote la viashiria limesimama juu ya ugunduzi huo: kama utando wote umeguswa, basi seli zilizokwanguliwa shavuni, au mate yaliyotemwa kwenye kikopo, yanaweza kutoa habari za ulimi.

Hapo ndipo mambo mawili yanapochanganywa, na mkanganyiko huo ndio unaonitia wasiwasi. Kuna kiashiria kinachosema moshi umeingia mwilini. Kuna kingine kinachosema seli zimeharibika na zimeanza kuelekea saratani. Cha kwanza hakiwezi kusema maneno ya cha pili. Mtu mwenye nikotini nyingi kwenye mate anaweza kufikisha miaka 85 bila saratani, na aliyeacha sigara miaka mitatu iliyopita, ambaye mate yake ni safi, anaweza kuwa na doa la hatari chini ya ulimi leo hii. Anayeuza cha kwanza kwa jina la cha pili anawaibia watu fedha na usingizi.

Tuanze na vile vya kupima moshi, maana humo ndimo Lubumbashi inapowatatiza walioviunda. Monoksidi ya kaboni tumeshaiona. Kiashiria kingine cha zamani ni thiosianeti. Moshi wa sigara una sianidi, ini huigeuza kuwa thiosianeti, nayo hukaa mwilini wiki moja au mbili, kwa hiyo wachunguzi wa miaka ya 1970 na 1980 waliipenda kwa kumtofautisha mvutaji na asiyevuta. Sasa leta kipimo hicho kwenye meza yetu. Mihogo nayo ina sianidi, na isipolowekwa na kukaushwa ipasavyo inayobaki huingia mwilini na kugeuzwa kuwa thiosianeti ile ile. Nchi yetu inalijua hili kwa machungu: Kahemba, huko Kwango, watu wamepooza miguu kwa konzo baada ya kula mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri, na wachunguzi wa ugonjwa huo hupima thiosianeti kwenye mkojo. Hapa Lubumbashi bukari, ugali wetu, ni ya mahindi zaidi, lakini nyumba nyingi huchanganya unga wa mihogo, na sombe, mboga ya majani ya mihogo, iko mezani kila wiki. Bibi mzee asiyevuta, anayekula bukari ya mchanganyiko huo, na kijana mvutaji anayekula mkate na wali, wanaweza kutoa namba zinazokaribiana. Daktari aliyesoma mpaka wa namba hizo kwenye kitabu kilichoandikwa mbali hana namna ya kuligundua.

Kisha kuna haidroksipireni, inayopimwa kwenye mkojo kuonyesha kwamba mtu amepokea zile kemikali za vitu vinavyoungua. Ni kipimo kizuri kwa moshi kwa ujumla, na hapo ndipo shida yake ilipo: hakitofautishi sigara, kuni, michopo iliyoungua pembeni na moshi wa kiwandani. Umeme ukikatika, hata nyumba zenye jiko la umeme zinarudi kwenye mbabula, kwa hiyo namba ya mtu yule yule inaweza kupanda na kushuka kwa ratiba ya umeme wa mtaa wake.

Je, moshi wa jikoni wenyewe unaleta saratani ya kinywa? Hapa nataka tuwe waangalifu, tusiwatishe mama zetu bure. IARC imeuweka uvutaji wa tumbaku katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kabisa, na kinywa kimo katika orodha ya viungo vinavyoshambuliwa. Moshi wa kuni na mimea ndani ya nyumba iliuweka mwaka 2010 katika kundi la 2A, yaani vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, na ushahidi mkubwa ulihusu mapafu. Kwa kinywa na koo, uchunguzi wa kusini mwa Brazil uliochapishwa 1998 uliona hatari kubwa zaidi kwa waliotumia jiko la kuni. Ni ushahidi wa kufuatilia. Hauko sawa na ule wa sigara, na asiyevuta hastahili kuambiwa kwamba mbabula yake ni sawa na pakiti ya sigara. Isitoshe, makala yanayowaka vizuri hayatoi moshi mwingi kama kuni mbichi. Yanatoa zaidi ile monoksidi ya kaboni isiyoonekana.

Viko viwili ambavyo naamini vitasimama imara hapa. Kotinini, inayobaki baada ya mwili kuvunja nikotini, haitokani na makala wala mihogo. Hupungua kwa nusu kila saa 16 hadi 20 hivi, kwa hiyo inaonyesha tumbaku ya siku chache zilizopita. Na NNAL, inayotokana na ile nitrosamini NNK, huonekana kwenye mkojo kwa wiki kadhaa, na uzuri wake ni kwamba inafuatilia sumu yenyewe ya saratani. Zinaweza kuwasaidia hasa wale ambao ni vigumu kuwauliza. Mwanamke wa Katuba anayevuta kwa siri, au anayenusa tumbaku, hatamwambia muuguzi aliye jirani ya shangazi yake. Ila kwa mwanaume anayenunua sigara moja moja hadharani pale kona, swali la Kiswahili linatosha: "Baba, unavuta ngapi kwa siku, na tangu lini?"

Kiashiria kinachonivutia zaidi ni kile cha seli za shavu, kwa sababu hakihitaji mashine ya mamilioni. Mtu anasukutua maji, shavu lake linakwanguliwa kwa brashi laini au kijiti cha mbao, seli zinatandazwa kwenye kioo, zinatiwa rangi, na mtu mwenye subira anakaa kwenye hadubini kuhesabu. Anatafuta seli zenye kiini kidogo cha pembeni, mikronukliasi, ambacho ni kipande cha kromosomu kilichoachwa nyuma wakati seli ilipogawanyika vibaya. Hans Stich na Miriam Rosin walikitumia kipimo hiki tangu miaka ya 1980 kwa watafunaji wa tambuu na tumbaku huko Asia. Hadubini tunazo. Vijana wenye macho makali tunao.

Lakini soma ushahidi wake kwa utulivu. Mwaka 2011 maabara 30 za nchi mbalimbali ziliunganisha takwimu za watu 5,424. Kwa wavutaji, ongezeko lililosimama wazi lilikuwa la wale wanaovuta sigara 40 au zaidi kwa siku. Lubumbashi ni wangapi wanaoweza kununua sigara 40 kwa siku? Wengi wanavuta tano, nane, kumi. Kwa hao kipimo kinaweza kunyamaza huku hatari ikiendelea kujijenga. Tena kuna jambo la rangi: Giemsa, ambayo maabara nyingi zinayo kwa ajili ya malaria, hupaka pia chembe za keratini, na mhesabuji anaziandika kama mikronukliasi. Inatakiwa rangi inayoshika DNA peke yake, kama ile ya Feulgen. Na juu ya yote, mji huu una madini. Mtu wa Kampemba au Ruashi anayepumua vumbi la shaba, kobalti na aseniki anaweza kuwa na seli zilizovunjika kwa sababu isiyohusiana kabisa na sigara. Ukihesabu bila kupima metali, utamlaumu mvutaji kwa kosa la mgodi, au utausafisha mgodi kwa kosa la sigara.

Tukipanda kwenye viashiria vya ugonjwa wenyewe, sayansi ni nzuri kweli. Kundi la Rosin kule British Columbia, Kanada, lilionyesha kwamba doa la mdomoni ambalo seli zake zimepoteza vipande vya kromosomu ya 3 na ya 9 lina mwelekeo tofauti na doa lisilopoteza kitu. Katika matokeo yao ya 2012, waliokuwa na mpangilio mbaya zaidi wa upotevu huo walikuwa na hatari ya saratani kubwa mara 52 kuliko wa kundi la chini. Kisha ukafanyika uchunguzi ulioitwa EPOC, uliochapishwa 2016. Baada ya miaka mitatu, wasio na upotevu huo walioendelea bila saratani walikuwa asilimia 87. Wenye nao, 74. Kiashiria kilisema kweli. Dawa iliyojaribiwa, erlotinib, haikusaidia. Kwa hiyo aliyeambiwa kwamba yuko kundi la hatari hakuwa na kidonge cha kumeza. Alibaki na kuacha sigara, kuangaliwa mara kwa mara, na kisu pale inapobidi. Na angalia jambo linalosahaulika: kipimo hicho hufanyika kwenye kinyama kilichokwisha kukatwa. Kinakuja baada ya biopsi, yaani huko kukata kinyama cha kuchunguzwa maabara. Mji usio na biopsi ya uhakika hauna pa kukiweka.

Uwanja huu umewahi pia kupata aibu ambayo kila mwandishi wa afya anapaswa kuijua. Jon Sudbø, daktari wa meno na mtafiti wa Norway, alichapisha kwenye majarida makubwa kwamba kiasi cha DNA katika seli za doa jeupe kinatabiri nani atapata saratani na nani atakufa. Mwaka 2005 akatoa katika jarida la Lancet ripoti yenye watu 908. Mwezi Januari 2006 ikabainika kwamba watu hao hawakuwapo. 250 kati yao alikuwa amewapa tarehe moja ya kuzaliwa. Tume ya uchunguzi ikakuta uongo katika sehemu kubwa ya kazi yake, na ripoti kadhaa zikafutwa, zile za DNA zikiwemo. Wazo la kupima kiasi cha DNA halikufa, watafiti wengine wanaendelea nalo kwa uaminifu. Lakini kwa miaka mitano dunia iliamini kwa sababu jarida ni kubwa na nchi ni tajiri, bila kungoja kazi hiyo irudiwe na mikono mingine. Ninaposema tupime kwetu, sisemi kwa kiburi cha mtaa.

Na mate? Mwaka 2004 timu ya David Wong huko Los Angeles ililinganisha mate ya wagonjwa 32 wa saratani changa na watu wazima wa afya 32. Ilipata RNA saba, yaani nakala za maagizo ya jeni, zilizopanda, na kwa kuziunganisha ilifikia usahihi wa asilimia 91 kwa upande wa kuwashika wagonjwa na 91 kwa upande wa kuwaacha wazima. Moja ya hizo saba ni ya interleukini-8, ambayo mwili huitoa popote penye uvimbe na moto wa maradhi. Ufizi unaovuja damu unaitoa. Katika mji ambao wengi wetu humwona daktari wa meno siku jino linapotunyima usingizi, ufizi mbovu uko kila nyumba. Mwaka 2021 kipimo kimoja cha mate cha Marekani kilipewa na mamlaka ya dawa ya huko, FDA, hadhi ya kifaa cha uvumbuzi. Hadhi hiyo inaharakisha mazungumzo ya ukaguzi. Haimaanishi kwamba kifaa kimepitishwa.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina mjomba. Chukua kipimo chenye usahihi wa asilimia 90 pande zote mbili. Kipeleke kwa watu 10,000 wa mtaani, na tuseme 10 kati yao wana saratani. Kitawashika 9. Lakini katika 9,990 waliobaki kitawatisha bure 999. Watu 1,008 watalala macho wazi, na wenye ugonjwa ni 9. Sasa kipimo hicho hicho kipeleke kwenye chumba chenye wagonjwa 100 ambao tayari wana madoa mdomoni, na 10 kati yao ni saratani: kitawashika 9 na kutisha wengine 9. Mmoja kati ya wawili. Kifaa ni kile kile. Kilichobadilika ni nani aliyepelekwa mbele yake. Kwa hiyo hata siku kipimo cha mate kitakapofika, atahitajika mtu wa kufungua midomo kwanza na kuchagua nani apimwe.

Mtu huyo tunaye. Mwaka 1996 huko Trivandrum, jimbo la Kerala nchini India, ulianza uchunguzi wa watu wapatao 190,000 wenye umri wa kuanzia miaka 35. Nusu walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya waliofundishwa kuangalia vinywa. Hawakuwa madaktari. Matokeo ya 2005: miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilikuwa pungufu kwa asilimia 34 upande uliokaguliwa. Baada ya miaka 15 tofauti ilikuwa bado ipo, asilimia 24. Kwa wasiotumia hivyo viwili, faida haikuonekana. Na mwaka 2017 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba doa la kutiliwa shaka lisipotezewe muda kwa vipimo vya mate, taa maalumu au rangi. Likatwe kinyama au mgonjwa apelekwe kwa anayeweza kukata.

Ukaguzi wenyewe uko hivi. Mgonjwa anakaa akitazama mwanga, meno ya bandia yakiwapo yanatolewa. Muuguzi anafunua mdomo wa juu na wa chini, anavuta shavu moja, kisha jingine, kwa kijiti cha mbao. Anamwambia atoe ulimi, anaushika ncha kwa kipande cha shashi kwa sababu ulimi huteleza, anauvuta kulia na kutazama ukingo wa kushoto hadi nyuma kabisa, kisha upande wa pili. Anamwambia ainue ulimi uguse kaakaa, na hapo anaona sakafu ya kinywa, mahali ambapo saratani hupenda kujificha na ambapo mgonjwa mwenyewe hajawahi kupaona. Kidole kimoja ndani, vidole vya mkono mwingine chini ya kidevu, anaminya polepole kutafuta ugumu. Mwisho shingo. Dakika tatu. Doa jeupe analipangusa: likitoka, huenda ni fangasi tu, nayo ina maswali yake. Lisilotoka, au jekundu kama mahameli, au kidonda kilichopita wiki mbili tatu bila kupona, halipewi dawa ya kusukutua. Doa jekundu ndilo la kuogopa zaidi; mengi ya aina hiyo yakikatwa hukutwa tayari na saratani au yakiwa mlangoni mwake.

Kisha kinakuja kichupa. Nakitaja kichupa kwa makusudi, maana hapo ndipo kazi nyingi njema hufia. Kinyama cha milimita tano kinatakiwa kuingia mara moja kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, ya asilimia 10, iliyo nyingi kuliko kinyama chenyewe mara kumi au zaidi. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kinaoza njiani. Kikiwekwa kwenye kichupa cha sindano chenye shingo nyembamba kinaingia kikiwa laini na kugoma kutoka kikishakakamaa, na anayekitoa anakipasua. Jina likiandikwa kwa wino juu ya karatasi, fomalini ikivuja jina linafutika, penseli haifutiki. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mfadhili. Baada ya hapo anahitajika mwanapatholojia, daktari anayesoma vinyama kwenye hadubini, asiyezidiwa na vioo vya jimbo zima, na jibu linalorudi kabla mgonjwa hajabadilisha namba ya simu. Inaniuma kuona tunazungumzia RNA za mate wakati mtu anauza baiskeli yake alipie biopsi, kisha anangoja jibu mpaka anakata tamaa, na wenye uwezo wanavuka mpaka wa Kasumbalesa kutafuta tiba Zambia.

Kwa kupima, sisi si wageni. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, na wenzao, walichapisha matokeo ya mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko yoyote iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, na wale waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kiwandani walizidi waliokaa mbali. Vikopo vya mkojo vilikusanywa huku kwetu, na dunia nzima inayonunua kobalti ililazimika kusoma. Hicho ni kiashiria cha kibayolojia kilichofanya kazi yake kikamilifu: kiliuliza swali la mahali hapa kwa watu wa mahali hapa.

Naomba shule ya afya ya umma ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ifanye vivyo hivyo kwa moshi. Waitwe wanawake wasiovuta wanaopika kwa makala, wasiovuta wanaopika kwa umeme, wavutaji wa sigara chache, na wavutaji wanaokunywa lutuku. Siku moja, mtu yule yule atoe pumzi, mate, mkojo na seli za shavu. Zipimwe monoksidi ya kaboni, thiosianeti, kotinini, metali, na mikronukliasi kwa rangi ya Feulgen, na kila mmoja akaguliwe kinywa na kuulizwa alikula nini jana. Ndani ya mwaka tutajua mpaka wa namba zetu wenyewe, na vipimo gani tusipoteze fedha kuvinunua. Wakati huo huo zoni za afya zianze kufundisha wauguzi ule ukaguzi wa dakika tatu, wakianza na wanaume wa zaidi ya miaka 35 wanaovuta na kunywa. Kwa kila atakayekaguliwa kuna habari njema ya kumpa isiyohitaji maabara: takwimu zilizounganishwa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba hatari ya saratani za kichwa na shingo huanza kushuka ndani ya mwaka 1 hadi 4 baada ya kuacha sigara, na kufikia miaka 20 hukaribia ile ya asiyewahi kuvuta.

Sharti moja liandikwe kwenye karatasi ya ridhaa kabla kikopo cha kwanza hakijajazwa. Watu wa Katanga wamekwisha toa damu, mkojo na nywele kwa wachunguzi wengi, na si wote waliorudi. Kila atakayetoa mate apewe jibu lake kwa Kiswahili, mkononi, na anayelielewa awepo kumweleza. Na atakayekutwa na doa la hatari, gharama ya biopsi yake iwe imekwisha tengwa katika bajeti ya uchunguzi, na kinyama chake kiwe kimefika kwa mwanapatholojia kabla ripoti haijatumwa kwa jarida lolote.